Mabonde Matupu ya Uskoti na Waliokuwa Wakiishi Humo

Mchoro wa Horatio McCulloch uitwao Glencoe, wa mwaka 1864, unaonyesha Nyanda za Juu za Uskoti kama wengi wanavyopenda kuziwazia: milima mikubwa iliyozingirwa na ukungu, kulungu wachache chini yake, na hakuna binadamu hata mmoja. Uzuri wake siubishi. Ninachokibisha ni hisia anayobaki nayo mtazamaji, kwamba upweke ule ni wa asili, kana kwamba nyanda zile hazijawahi kukaliwa.

Mabonde mengi ya nyanda hizo yaliondolewa watu kwa makusudi, hasa tangu nusu ya pili ya karne ya 18 hadi miaka ya 1850. Wenye ardhi walipopiga hesabu waliona kwamba wafugaji wakubwa wa kondoo wa Cheviot wangewalipa kodi kubwa kuliko kaya za wapangaji waliolima shayiri na kufuga ng'ombe wachache, na kwa hiyo kaya hizo zikaamriwa kuondoka. Wengi walisukumiwa pwani, wakapewa vipande vya ardhi visivyotosha kulisha familia, ili walazimike kuvua samaki au kuchoma mwani kwa ajili ya majivu yake, biashara iliyoporomoka baada ya vita vya Napoleon kumalizika mwaka 1815. Viazi vilipoozea shambani mwaka 1846, baadhi ya wenye ardhi waliwalipia watu nauli ya meli kwenda Kanada, ukarimu uliowagharimu kidogo kuliko kuwalisha.

Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Strathnaver, katika milki ya Sutherland. Mwaka 1814 Patrick Sellar, aliyeisimamia milki hiyo, aliwaondoa wapangaji na nyumba zao zikachomwa moto. Alishtakiwa Inverness mwaka 1816 kwa uchomaji na kwa kusababisha vifo, akaachiwa huru. Linalonikera zaidi ya hukumu hiyo ni kwamba malisho yaliyopatikana kwa kuwafukuza watu wale yalikuwa yamekodiwa na Sellar mwenyewe.

Baadaye bei ya sufu ilishuka, na mashamba mengi ya kondoo yakageuzwa kuwa maeneo ya matajiri ya kuwindia kulungu. Ndipo dume la kulungu alilolichora Edwin Landseer mwaka 1851, The Monarch of the Glen, lilipopata maana ambayo huenda mchoraji hakuikusudia: mnyama aliyekusudiwa kupamba ukumbi wa vinywaji wa mabwana wa bungeni London amesimama kama mwenyeji, mahali ambapo wenyeji wameondolewa. (Wabunge walikataa kuidhinisha malipo ya mchoro huo, kwa sababu za fedha na si za dhamiri.)

Mchoraji Thomas Faed alijaribu kuwarudisha watu katika picha. Katika The Last of the Clan, wa mwaka 1865, mzee ameketi juu ya farasi gatini, amezungukwa na wanawake na watoto, akiitazama meli inayoondoka. Ni kazi ya fundi, lakini inataka machozi yetu upesi mno, na aliyewaondoa watu hao haonekani popote. Naguswa zaidi na vioo vya madirisha ya kanisa la Croick, ambapo watu waliofukuzwa Glencalvie mwaka 1845, wakiwa wamejihifadhi katika uwanja wa makaburi, walikwaruza maneno machache juu ya masaibu yao na kujiita kizazi kiovu, kana kwamba kufukuzwa kulikuwa adhabu ya dhambi zao wenyewe.

Mchoraji William McTaggart alizaliwa Kintyre, Uskoti, mwaka 1835, mtoto wa mkulima mdogo. Alipomaliza The Sailing of the Emigrant Ship mwaka 1895, sheria ya mwaka 1886 ilikuwa imekwisha kuwahakikishia wakulima wadogo haki ya kubaki kwenye vishamba walivyopanga bila kufukuzwa ovyo, ingawa haikuwarudishia mabonde yaliyokwisha kuchukuliwa. Katika mchoro huo meli haionekani vizuri kwenye upeo wa bahari, na waliobaki ufukweni wamechorwa kwa mipigo ya brashi ile ile iliyochora mawe na mawimbi. Mtu anaweza kuulaumu kwa kutowapa watu sura. Mimi naona hapo ndipo McTaggart alipompita Faed, kwa kuwa anatulazimisha kuwatafuta watu ndani ya ardhi yenyewe, mahali ambapo McCulloch hakuwaweka kabisa.