Niliisikia Kushoto, Kumbe Ilikuwa Kulia: Nilivyoigundua Beringi Mbovu

Kwa takribani wiki tatu niliendesha gari lililokuwa na mvumo ambao lawama zake zote nilizitupia matairi. Mvumo huo ulianza kusikika nilipofikisha kilomita 50 kwa saa, ukapanda kadiri nilivyoongeza mwendo, na nilipofika 80 ulikuwa mzito kiasi cha kunilazimu kuongeza sauti ya redio. Kwa kuwa matairi ya mbele yalikuwa yamekwisha kulika upande upande, sikuona haja ya kutafuta mchawi mwingine.

Nilianza kwa kuichunguza injini. Katika barabara iliyonyooka na isiyo na magari niliweka gia huru kwa sekunde chache, injini ikiendelea kuwaka ili nisipoteze nguvu ya breki na usukani. Mzunguko wa injini ulishuka, lakini mvumo ulibaki vilevile na ukapungua pale tu gari lenyewe lilipopunguza mwendo. Baada ya hapo niliyahamishia nyuma matairi ya mbele. Laiti mvumo ungekuwa wa tairi, ungehama pamoja nalo. Wangu ulibaki mbele, tena haukujali kama lami ni laini au ya kokoto.

Jibu la maana zaidi lilitoka kwenye kona. Nilipokata kona ndefu ya kushoto, mvumo uligeuka kuwa mkwaruzo. Nilipokata ya kulia, ulikaribia kunyamaza. Sikio langu lilikuwa limeapa kwamba sauti inatoka kushoto, na nusura niagize beringi (kile kifaa chenye gololi kinachoruhusu gurudumu kuzunguka) ya upande huo. Hata hivyo, gari linapokata kushoto uzito wake huegemea magurudumu ya kulia, na beringi iliyochoka hulalamika inapobebeshwa mzigo. Bodi la gari husafirisha sauti kama ngoma, ndiyo maana tangu siku hiyo nauamini usukani kuliko sikio.

Nilipofika nyumbani nililiinua gari kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi na kuzuia magurudumu ya nyuma kwa vigingi. Nililishika gurudumu la mbele la kulia juu na chini, nikawa nasukuma na kuvuta kwa kupokezana: lilicheza kidogo sana, kiasi cha kuhisiwa kiganjani bila kuonekana kwa macho. Nilipolishika ubavuni halikucheza, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuishuku tairodi, ile fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Nilimwomba mwenzangu akanyage breki huku nikiendelea kulitikisa, na kule kucheza kukatoweka, kwa sababu breki huifunga habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa, isiachane na sehemu inayoishikilia. Kama kasoro ingekuwa kwenye boljointi, kiungo kinachoshikilia sehemu hiyo kwenye mkono wa gari, gurudumu lingeendelea kucheza hata breki ikiwa imekanyagwa.

Kipimo kilichonishawishi kabisa ni cha springi. Niliweka vidole juu ya springi ya shokapu na kulizungusha gurudumu kwa mkono wa pili, nikahisi mtetemo wa chembechembe, kana kwamba kuna mchanga unaosagwa ndani. Upande wa kushoto springi ilitulia tuli. Ningependa watu wengi wakifahamu kipimo hiki, kwa kuwa beringi inaweza kuvuma kwa muda mrefu bila gurudumu kucheza hata kidogo.

Ndipo nilipokumbuka ishara nyingine mbili ambazo nilizipuuza. Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki ghafla, ilikuwa imewahi kuwaka na kuzimika yenyewe, nami sikujua kwamba katika magari mengi sensa husoma pete ya sumaku iliyopachikwa kwenye beringi. Vilevile, baada ya barabara mbovu, pedali ya breki ilizama zaidi nilipoikanyaga mara ya kwanza, kwani gurudumu linalocheza huirudisha pedi nyuma kupitia diski.

Kazi ya kubadilisha nilimwachia fundi mwenye mashine ya kushindilia. Beringi ya zamani ilipofunguliwa, sili yake, yaani mpira unaozuia maji na vumbi, ilikuwa imechanika, grisi imegeuka uji wa rangi ya kutu, na kwenye njia ya gololi palikuwa na shimo dogo linalokwamisha ukucha. Maji yaliingia, nadhani ni siku nilipovuka barabara iliyofurika hadi usawa wa habu. Fundi aliisukuma beringi mpya kwa pete yake ya nje, kwa maana ukisukuma ya ndani gololi huumia kabla hata ya safari ya kwanza, akaweka nati mpya ya ekseli na kuikaza kwa kipimo cha mtengenezaji kabla ya gari kushushwa.

Nilirudi kwenye kona ileile ya kushoto, redio nikiwa nimeizima. Kilichosikika ni matairi yaliyolika. Kumbe nayo yalikuwa yakivuma, ila kidogo tu.