Siku moja Bidiya, Oman: kanga za bibi kwenye banda la mbuzi

Saa 11 na nusu alfajiri. Baridi ya Januari ya jangwani usiidharau. Nikimaliza sala nachemsha kahawa na iliki, na mama mkwe keshaanza kusokota uzi. Yeye ni Mbedui wa huku mchangani. Mimi nimezaliwa Maskati, wazee wangu walirudi kutoka Unguja miaka ya 1970, nikaolewa huku. Kiarabu changu bado kinamchekesha.

Saa 2. Kuchana vitambaa. Tunafuma pazia la banda la mbuzi, upande unaoingiza mchanga. Nimetoa kanga kuukuu za bibi yangu na kanzu za mume wangu zilizochakaa. Pamba raha yake: unakata kidogo kwa mkasi, unavuta, inachanika mstari mmoja. Buibui la poliesta linateleza, ni mkasi mwanzo mwisho mpaka vidole vinauma. Kila utepe upana wa vidole viwili, kisha unaviringwa bonge.

Jina la kanga likakatika katikati. Mama mkwe akauliza imeandikwa nini. "Mgeni njoo," nikamfasiria. "Mwenyeji apone" ilishaingia bonge jingine.

Saa 4. Hapa ndipo kazi. Kitanda chetu cha mfumi kimelala chini: vigingi vinne, miti miwili, mtande (nyuzi za urefu) umevutwa katikati. Kwenye sadu, ufumaji wa Kibedui, nyuzi za mtande hubanana hata mshindio (unaopitishwa kukingama, kwetu ni tepe za matambara) usionekane. Nakshi zote ni za mtande. Jana sikulifikiria hilo. Nilifuma shibiri nzima, rangi za kanga zote zikamezwa na uzi mweusi. Ikabidi tufumue na kutandika upya, nyuzi zikae mbalimbali.

"Hii si sadu," mama mkwe akasema. Akarudia. Nyekundu ilipoanza kutokeza, akaninyang'anya pembe ya swala, akawa anashindilia tepe mwenyewe.

Saa 7. Wali kwa papa mkavu. Kwa papa hatugombani, Unguja na Bidiya ni wamoja.

Saa 9. Watalii wawili wamepita. Mmoja kauliza kwa nini tusifume matambara mpaka paa la hema. Mama mkwe alimtazama kama mtu aliyeomba kivuli cha karatasi. Nikafasiri: hema ni "nyumba ya nywele". Nywele za mbuzi zikilowa hufura, matundu yakaziba. Zikikauka hufunguka, moshi na joto vikatoka. Pamba hunyonya maji, inakuwa nzito, mwishowe inaoza. Matambara ni ya pazia na ya mbuzi.

Saa 11 jioni. Dhiraa mbili tu, mgongo umekufa ganzi. Najinyoosha, nageuka: mbuzi jike kavuta ncha ya bonge, anatafuna kwa utulivu kabisa. Keshafika kwenye "apone".