Kondoo amekosa nini?

Jumapili iliyopita mtoto mmoja wa darasa langu kanisani aliniuliza swali, nami nikamjibu vibaya. Tulikuwa kwenye habari za hema ya kukutania jangwani. Nilikuwa nimeshawaeleza kwamba Mwisraeli aliyetenda dhambi alileta mnyama akachinjwa. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, aliyekosa ni mtu. Kondoo amekosa nini?" Nikasema zamani ndivyo ilivyokuwa, na kwamba Yesu alipokuja mambo hayo yakaisha, kisha nikaanzisha wimbo. Aliimba na wenzake, lakini macho yake hayakuniacha. Alijua nimemkwepa.

Wiki nzima nimeamka kabla hakujapambazuka, nikisoma Mambo ya Walawi. Ni kitabu ambacho nimekuwa nikikiruka miaka yote. Nikimaliza Kutoka hukimbilia Hesabu, na huko nako huchagua visa. Safari hii nimekisoma mstari kwa mstari, na naandika yaliyonikuta humo kwa sababu Jumapili nyingine inakaribia na mtoto yule atakuwepo.

Kilichonisimamisha kwanza ni mkono. Sura ya kwanza tu, kabla sijazoea majina ya sadaka, nakuta kwamba anayeleta ng'ombe ataweka mkono wake juu ya kichwa cha mnyama, kisha atamchinja. Yeye mwenyewe. Siku zote nilidhani kuhani ndiye aliyeshika kisu, na mwenye dhambi amesimama pembeni akingoja kuambiwa aende zake. Kumbe kazi ya kuhani ilianzia kwenye damu: kuinyunyiza kandokando ya madhabahu, kupanga vipande juu ya kuni, kuangalia moto. Kuchinja kulikuwa kwa mkosaji. Mtu aliusikia ujoto wa kichwa kile kwenye kiganja chake, pumzi ikipanda na kushuka, halafu akafanya alichokuja kufanya. Baada ya hapo sidhani kama angeweza kusema kosa lake lilikuwa jambo dogo.

Nikaenda hadi sura ya 17, na pale nikakaa asubuhi mbili. Inasema uhai wa mwili umo katika damu, ndiyo maana damu hailiwi kamwe. Aya chache kabla ya hiyo kuna neno zito zaidi: mtu akichinja ng'ombe, kondoo au mbuzi asimlete mlangoni pa hema, atahesabiwa kuwa amemwaga damu. Lugha ile ile inayotumika kwa mwuaji. Nikarudi Mwanzo nikaona kwamba chakula cha kwanza cha mwanadamu kilikuwa mimea na matunda, na ruhusa ya nyama ilikuja baada ya gharika, kwa masharti kwamba damu isiguswe. Kwa hiyo swali la mtoto halikuwa la kitoto. Torati yenyewe inakubaliana naye kwamba kondoo hakukosa kitu. Ndiyo sababu inadai asiwe na kilema, na ndiyo sababu haimruhusu mtu kumtoa uhai kana kwamba anakata mti.

Halafu kuna kitenzi kimoja katika 17:11 ambacho nilikuwa nimekisoma mara nyingi nikikipita. Mungu anasema juu ya damu: nami nimewapa ninyi juu ya madhabahu, ili kufanya upatanisho. Nimewapa. Nilivyofundishwa, na nilivyofundisha, ni kwamba mwanadamu humpa Mungu damu ili hasira yake ipoe. Aya inaelekea upande mwingine. Mtoaji wa kwanza ni Mungu. Njia ya kurudi imetoka kwake, mtu anaipokea tu na kuipita.

Usiku wa Jumatano nikaanza kuyatazama maneno yetu wenyewe. Jina la jumla la sadaka kwa Kiebrania ni korbani. Msomaji wa Marko sura ya 7 amekutana nalo. Shina lake lina maana ya kukaribia, na ni shina lile lile la Kisemiti ambalo kupitia Kiarabu limetupa neno tunalolitamka mlangoni kila siku: karibu. Nikaendelea. Dhabihu yetu na zevakhi ya Kiebrania ni ndugu. Madhabahu ni mahali pa kuchinjia, na neno limetuambia hivyo muda wote huku sisi tukiwaza meza yenye kitambaa cheupe. Kafara inatoka shina moja na Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Sadaka na tzedaka vivyo hivyo, ingawa Waisraeli hawakuitumia tzedaka kwa mnyama wa madhabahuni. Kwao ni haki na msaada kwa mhitaji. Nimeyabeba maneno haya mdomoni tangu utotoni, na hata siku moja sikujua kwamba kutoa sadaka, kwa Kiebrania, ni kusogea karibu.

Ukishika hilo, sura saba za mwanzo zinafunguka. Si kila mnyama aliletwa kwa ajili ya dhambi. Sadaka ya kuteketezwa iliungua yote, ngozi tu ikabaki kwa kuhani. Sadaka ya unga haikuwa na damu kabisa. Sadaka ya amani ilikuwa karamu: mafuta na figo viliteketezwa, kuhani akapewa kidari na paja, nyama iliyobaki akala mwenyewe na jamaa yake. Na ile ya shukrani ilipaswa kuliwa siku iyo hiyo, isibaki kitu hadi asubuhi. Mtu mmoja hawezi kumaliza kondoo jioni moja. Ni lazima aite watu. Naipenda sana sheria hii. Mtu aliyeokoka na hatari hawezi kumshukuru Mungu akiwa amejifungia. Sheria yenyewe inamfungulia mlango.

Maskini hawakuachwa nje pia. Asiyeweza kondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na asiyeweza hata hayo alete sehemu ya kumi ya efa ya unga mwembamba, yapata lita 2, nao utakuwa sadaka yake ya dhambi. Unga. Nimewahi kusimama mbele ya watu nikasema kwamba kwa Wayahudi hapakuwa na msamaha pasipo damu, na sikuwa nimefika hapa kwenye Walawi 5:11. Hata Waebrania 9:22, tunapopapenda sana, panasema "karibu vitu vyote" husafishwa kwa damu. Nililimeza neno lile "karibu" ili hoja yangu ipendeze. Mariamu na Yusufu, walipompeleka mtoto Yerusalemu, walikuwa katika kundi la wenye ndege wawili, Luka ameandika.

Sehemu iliyoniuma ni ya mwizi. Walawi 6: aliyemdhulumu jirani, aliyeficha amana, aliyeokota kilichopotea akaapa kwamba hajakiona, atarudisha kitu kamili, ataongeza sehemu ya tano juu yake, atampa mwenyewe. Kisha ndipo alete kondoo dume wake wa hatia. Mpangilio huo hauwezi kugeuzwa. Na sadaka za dhambi katika sura ya 4 ni za aliyekosa pasipo kukusudia. Aliyefanya kwa kiburi, mkono umeinuliwa, Hesabu 15 haimpi mnyama wa kuleta. Mimi nina deni la zamani. Si fedha, ni jambo nililolisema juu ya mtu mbele ya watu wengine, nikijua si kweli. Nimeliombea toba mara nyingi, kwa machozi hata. Sijawahi kwenda kwa wale walionisikia. Nimekuwa nikileta kondoo bila kurudisha kitu, sembuse sehemu ya tano.

Manabii waliona hili mapema kuliko sisi. Amosi, Isaya, Mika na Yeremia wote waliwakemea watu waliojaza madhabahu huku wakiwakandamiza wanyonge. Hawakuwa wakiikataa sadaka kwa sababu ni ya kikatili, kama wengine wanavyopenda kusema leo. Waliwakataa watu waliotumia ukaribu kama ukuta. Yesu naye anafanya hivyo hivyo katika Marko 7, kwa mtu anayewaambia wazazi wake kwamba msaada waliotegemea kutoka kwake ni korbani, umekwisha kuwekwa wakfu. Neno la kukaribia limegeuzwa kuwa kisingizio cha kuwaacha baba na mama. Sijui lugha kali zaidi ya hiyo juu ya dini.

Mwaka 70 jeshi la Roma chini ya Tito liliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Sadaka za Wayahudi zilikoma, na zile mbili za kila siku, mwana-kondoo wa asubuhi na wa jioni, hazikurudi tena. Nilikuwa nikidhani Uyahudi ulibaki ukingoja, kama nyumba isiyo na paa. Mapokeo ya marabi yanasimulia kwamba Yohanan ben Zakkai alikuwa akipita na Rabi Yehoshua, wakayaona magofu. Yehoshua akalia kwamba mahali pa upatanisho wa Israeli pameharibiwa. Mwalimu wake akamwambia asihuzunike, wanao upatanisho mwingine ulio sawa na ule: matendo ya fadhili. Akamsomea Hosea: nataka fadhili, wala si sadaka. Sala zikachukua nafasi ya saa za madhabahu, na sala ya alasiri ya Wayahudi mpaka leo inaitwa minkha, jina la sadaka ya unga.

Aya hiyo ya Hosea ndiyo Yesu anayoinukuu mara mbili katika Mathayo. Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Jamii mbili zilizokuja kuachana kwa uchungu mwingi zilishika mstari mmoja wa nabii mmoja.

Wayahudi wenyewe hawakukubaliana juu ya sababu ya sadaka. Maimonides, rabi na mwanafalsafa aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika kwamba watu wa zamani hawakujua ibada nyingine isipokuwa ya kuchinja, na Mungu hakutaka kuwang'oa ghafla katika walilolizoea. Akawaachia, akiligeuza lielekee kwake peke yake na kulifunga mahali pamoja. Nachmanides, rabi wa kizazi kilichofuata, alimpinga waziwazi. Kwake, kila tendo lina kazi: mkono kwa ajili ya matendo ya mtu, maungamo kwa ajili ya ulimi wake, figo na matumbo kwa ajili ya mawazo na tamaa, damu kwa ajili ya nafsi yake. Mtu anapoyaona hayo aelewe kwamba ilistahili kuwa damu yake, na kwamba ni rehema tu iliyopokea mbadala. Akili yangu inavutwa na Maimonides. Lakini nikikumbuka mkono ule juu ya kichwa chenye joto, namwamini Nachmanides.

Jacob Milgrom, rabi na msomi aliyefariki 2010 baada ya kukitumikia kitabu hiki kimoja kwa miongo, amenipa kitu kingine. Kwake sadaka ya dhambi kwa hakika ni sadaka ya utakaso, na damu haipakwi juu ya mtu, inapakwa juu ya madhabahu na vyombo vyake. Kinachosafishwa ni patakatifu, kwa kuwa makosa ya watu huenda kutanda pale kama uchafu, yakizidi Mungu asiweze kukaa tena kati yao. Siku ya Upatanisho kuhani mkuu aliingia ndani kabisa, mara moja kwa mwaka, akasafisha nyumba. Mbuzi wa pili akabebeshwa dhambi na kupelekwa nyikani, akiwa hai.

Na sisi Wakristo? Waebrania anasema bila kuficha: haiwezekani damu ya mafahali na mbuzi kuondoa dhambi. Kisha anasema Kristo alijitoa mara moja tu. Wakatoliki na Waorthodoksi huiona sadaka hiyo ikifanywa kuwapo madhabahuni katika ekaristi. Waprotestanti walikataa kuiita hivyo, na mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukawajibu mwaka 1562. Sitaingia humo usiku huu. Ninachokiona, baada ya wiki hii, ni kwamba nilikuwa nimeusoma msalaba kama malipo kwa Mungu mwenye hasira, mtu wa tatu akiadhibiwa ili mimi niende nyumbani. Mtoto wangu wa darasani angeuliza swali lile lile: na Yesu amekosa nini? Lakini kama damu ni kitu Mungu alichotoa yeye kwanza, ili mtu aweze kusogea, basi pale msalabani hakuna mtu wa tatu. Aliyetoa na aliyetolewa ni Mungu yule yule anayesema karibu. Hilo naliamini kwa moyo wote, na ninajua Myahudi anayesoma sura hizi hizi hafiki hapo. Sitamfundisha mtoto tena kwamba Myahudi amekwama pale.

Bado kuna Mathayo 5. Ukiwa madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache pale, nenda kwanza. Waliomsikia Yesu pale Galilaya walijua Yerusalemu ni mwendo wa siku kadhaa. Kuiacha sadaka, kurudi nyumbani, kupatana, kisha kwenda tena. Nimeandika majina manne ya watu waliokuwepo siku niliposema lile neno. Wa kwanza nimeshamtumia ujumbe kuomba tuonane kesho, Jumamosi.

Kwa mtoto nimechagua Kutoka 12. Nitamwambia kwanza kwamba nilimjibu vibaya na kwamba kondoo hakukosa lolote. Kisha tutasoma pamoja jinsi mwana-kondoo wa Pasaka alivyochaguliwa siku ya kumi ya mwezi, akatunzwa hadi siku ya kumi na nne ndipo achinjwe jioni. Siku nne za kumlisha na kumsikia akilia usiku, katika kila jamaa yenye watoto. Namjua huyu mtoto. Atataka kujua kama walimpa jina.