Nilivyoondoa volti ya DC kwenye filta ya sabufa

Filta ya sabufa yangu ilikuwa inatoa volti ya DC (umeme usiobadilika upande, ambao si sauti) kwenda kwenye amplifaya, na karibu kila fundi niliyemweleza tatizo hili alinijibu vilevile: "Weka kapasita pale mwishoni, mambo yaishe." Ushauri huo unaniudhi mpaka leo. Volti ya DC inabaki humohumo ndani ya saketi, inakula nafasi ya sauti kupanda, na kila ukiwasha, kapasita inajichaji kuelekea amplifaya na spika inapiga kishindo. Tena wengi hufunga elektroliti (kapasita yenye upande chanya na hasi) kwa mazoea bila kupima upande upi ni hasi. Filta yangu ilikuwa inatoa hasi. Kapasita iliyogeuzwa ingeanza kuvuja.

Saketi ni filta ya Sallen-Key (muundo wa rezista mbili na kapasita mbili kuzunguka kikuzaji) ya hezi 80, ya kupitisha besi tu, yenye NE5532 moja, aisii yenye vikuzaji viwili ndani. Mlangoni pana kapasita ya kuzuia DC, kisha rezista ya kiloomu 100 kwenda grandi (sifuri ya saketi). Nusu ya kwanza ya aisii ndiyo filta: rezista mbili za kiloomu 128 kila moja (nilipata kwa kuunga 120 na 8.2), kapasita ya nanofaradi 22 na nyingine ya 11. Nusu ya pili inakuza mara 11, kwa kiloomu 10 na kiloomu 1. Nikafunga mlango wa kuingilia kwenye grandi, nikapima mwishoni: volti 0.78 hasi, na hakuna sauti yoyote inayoingia. Amplifaya yangu haina kapasita mlangoni, kwa hiyo koni ya sabufa ilikuwa imevutwa ndani hata kwa macho unaiona.

Jaribio la kwanza lilikuwa poteshometa. Nikaweka ya kiloomu 10 kati ya volti 12 chanya na 12 hasi, mguu wa kati nikaupitisha kwenye kiloomu 100 hadi pini 6 ya aisii, mlango hasi wa nusu ya pili. Kwa mpangilio huo unaweza kusukuma mwisho wa saketi hadi volti 1.2 kila upande, na kweli, nikazungusha taratibu mpaka mita ikasoma sifuri. Nikafunika boksi. Baada ya nusu saa, transfoma na hitisinki zikiwa zimepata joto, nikapima tena: milivolti 90, na safari hii chanya! Sababu yake iko ndani ya aisii. Transista za mlangoni mwa NE5532 ni za NPN, na zikipata joto zinahitaji mkondo mdogo zaidi wa kuziendesha. Mkondo huo, kama utakavyoona, ndio uliozaa kosa la asili, basi kosa likapungua, lakini sahihisho la poteshometa likabaki palepale, basi likazidi. Poteshometa inaweza kufuta namba ya leo asubuhi tu, na juu ya hayo inaingiza kelele za pawasaplai kwenye saketi.

Ndipo nikafanya nililopaswa kufanya kabla ya kushika chuma cha kulehemu: kuuliza volti inatoka wapi. Chanzo kinaweza kuwa mkondo unaoingia kwenye pini na kupita kwenye rezista, au kutolingana kwa aisii yenyewe (milango yake miwili haifanani kabisa, hivyo inatoa volti kidogo). Namna ya kuvitenganisha ni waya mmoja wenye vibanio viwili. Pimia pini 1, mahali filta inapotolea, usipimie pini 3, mlango wake wa kuingilia, maana waya wa mita pale unaokota muungurumo. Pini 1 ilisoma milivolti 71 hasi. Nikaruka rezista ya kwanza ya kiloomu 128 kwa waya: ikashuka hadi 46. Nikautoa, nikaruka ile ya kiloomu 100 peke yake: 51. Sasa gawanya. Milivolti 25 kwa kiloomu 128, milivolti 20 kwa kiloomu 100, zote zinakupa takriban nanoampea 200, ambao ndio mkondo wa kawaida wa NE5532. Mwisho nikaunga pini 3 moja kwa moja na grandi, ikabaki milivolti 0.4. Aisii haikuwa na kosa lolote. Rezista zilikuwa kubwa mno kwake. (Usiruke zote mbili, ya 100 na ya kwanza ya 128, kwa wakati mmoja: kapasita ya 22 itaning'inia moja kwa moja kati ya pini 1 na grandi, na aisii inaweza kuanza kutetema, yaani kutoa mawimbi yake yenyewe.)

Dawa basi ni kuzidisha kapasita mara kumi na kugawanya rezista kwa kumi. Nanofaradi 220 mahali pa 22. Mahali pa 11, mbili za 220 kwa mfululizo, zinatoa 110. Rezista ni kiloomu 12 na omu 820 kwa mfululizo. Hezi 80 zinabaki zilezile. Rezista ya mlangoni, ile ya kiloomu 100, niliishusha hadi kiloomu 22, na kapasita yake ikawa maikrofaradi 2.2, ambayo inakata kwenye hezi 3 hivi. Tumia za filamu. Seramiki za bei rahisi hubadilika thamani kadiri volti inavyobadilika, na elektroliti kuukuu mlangoni inaweza kuvujisha DC mpya.

Kisha nikaweka maikrofaradi 220 isiyo na upande kati ya kiloomu 1 na grandi kwenye nusu ya pili. Sauti bado inakuzwa mara 11, lakini DC inapita mara 1 tu. Vifaa vyote havikufika bei ya chipsi mayai.

Asiyeweza kubadilisha kapasita aweke TL072, aisii nyingine yenye vikuzaji viwili, mahali pa NE5532. Pini zinalingana, na mkondo wake wa mlangoni ni mdogo mno. Ila kutolingana kwake ni milivolti 3 kwa kawaida na kunaweza kufika 10, kwa hiyo ile kapasita ya maikrofaradi 220 ya nusu ya pili bado anaihitaji.

Nilisafisha mabaki ya gundi ya lehemu kwa spiriti, nikafunika boksi, nikasubiri nusu saa ileile. Milivolti 8 hasi. Koni imesimama katikati, na nikiwasha sisikii kishindo.