Chaja inayojua betri imejaa
Jana usiku stima ilipotea hapa Nyalenda, nikashika tochi, ikawaka vizuri kabisa. Nimefurahi na chaja yangu mpya ya betri, jamani! Chaja yangu ya zamani haikujua kusimama. Asubuhi nilikuta betri zina moto kama viazi vilivyotoka kwa sufuria, na hazikudumu. Hii mpya huangalia kila betri peke yake. Betri ya NiMH, aina ya betri ya kuchajiwa tena na tena, ikijaa, volti zake hushuka kidogo, milivolti chache tu, na joto hupanda. Chaja inaona hayo, inakata umeme, taa inageuka kijani. Juzi mtoto aliweka betri ya kawaida, ile isiyochajiwa. Ikakataliwa papo hapo, taa nyekundu ikawaka na kuzimika. Redio ya mama nayo haijanyamaza wiki nzima.