Kwa nini bwawa la mtaa wetu lina perege na halina sato

Tangu tupandikize samaki, swali ninaloulizwa genge kwangu kila siku ni hili: kwa nini hamkuweka sato? Nakubali ni swali la haki. Sato anakua haraka, ana mnofu, na mteja hahitaji kuelezwa. Akilishwa vizuri anafika robo kilo ndani ya miezi sita hivi. Kwenye kikao cha mtaa watu walikwishaanza kumpigia hesabu kabla hata hatujajua vifaranga watatoka wapi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi, kazi yangu ni daftari na risiti, lakini kwa jambo hili nilisimama nikasema, na leo nataka kulieleza kwa kirefu kwa sababu najua kuna mitaa mingine ina mashimo kama letu.

Bwawa lenyewe ni shimo waliloacha wafyatua matofali. Liko pembezoni mwa mji wa Morogoro, upande wa Kingolwira, mita kama 20 kwa 15. Udongo ni mfinyanzi, unashika maji, na kuna kichemchemi upande wa juu, kwa hiyo hata kiangazi halikauki. Shida yake ni masika. Mvua zikikolea maji yanapanda hadi ukingoni, yanamwagikia kwenye migomba, yanaingia mfereji, na mfereji ule unaishia mto Ngerengere. Ngerengere inaingia Ruvu. Ruvu ndiyo inayowanywesha watu wa Dar es Salaam kabla haijafika baharini karibu na Bagamoyo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Kiluguru aliyevua Ngerengere tangu utoto wake. Siku ya kikao alikaa kimya mpaka watu wa sato wakamaliza kusema. Kisha akaniita pembeni.

"Mwanangu, haya maji masika yanakwenda wapi?"

"Mtoni, baba."

"Basi mtakachokiweka humu mmekiweka mtoni. Waambie hivyo."

Nikawaambia hivyo hivyo. Wakacheka kidogo, lakini wakasikiliza.

Samaki tunayemwita perege huku kwetu, wataalamu wanamwita Oreochromis urolepis. Asili yake ni mito hii ya mashariki mwa Tanzania: Rufiji, Ruvu, Wami. Dume lake likikomaa linakuwa jeusi, na ukingo wa pezi la mgongoni na wa mkia unakuwa mwekundu. Sato ni ndugu yake wa karibu, jenasi moja, ila kwao ni kwingine: Nile, Turkana, Albert, Tanganyika, mpaka Afrika Magharibi. Ukitaka kumtambua tazama mkia, una mistari ya kusimama iliyopangika vizuri. Kwa kuwa ni ndugu, wakikutana wanazaliana, na chotara wao nao wanazaa. Baada ya vizazi kadhaa unakuwa na mto uliojaa samaki, lakini perege halisi humpati tena.

Wapo wanaodhani sato ni mwenyeji wa Ziwa Victoria. Hapana, aliletwa miaka ya 1950. Wenyeji wa ziwa lile walikuwa ngege na mbiru. Ngege alikuwa amekwisha punguzwa sana na nyavu, na ndiyo sababu mojawapo watu wakaona walete samaki wengine. Kisha sangara naye akaingizwa. Leo ngege ametoweka karibu kabisa katika ziwa kuu, amebaki kwenye vijiziwa na mabwawa ya pembeni. Wazee wa Mwanza na Kisumu wanamkumbuka kwa utamu wake. Ukubwa wa Ziwa Victoria haukumwokoa ngege, sembuse Ngerengere, ambayo kiangazi mtoto anaivuka kwa miguu!

Kuna habari nyingine niliyoisoma ikanitia fahari kweli. Perege wa ukoo huu alichukuliwa Zanzibar akapelekwa Malacca, huko Malaysia ya sasa. Mwaka 1960 mtafiti C. F. Hickling akaandika kwamba dume la huyu perege wetu likipandishwa kwa jike la perege wa Msumbiji, watoto wanatoka madume karibu wote. Kwa mfugaji hilo ni jambo kubwa mno, nitaeleza kwa nini. Lakini ili lifanikiwe lazima wazazi wawe safi. Kwa hiyo perege wa mto Wami au Ruvu ambaye hajachanganyika ni mbegu, na mbegu ya asili ikishapotea huwezi kwenda kuinunua dukani. Mimi siwezi kukubali ipotee kwa sababu ya shimo la matofali.

Basi tukakubaliana: perege wa mto wetu, na kambale wa mto wetu.

Sasa kuhusu madume. Perege ana tabia moja inayowakatisha tamaa wafugaji: anazaa mapema. Miezi miwili au mitatu tu jike ameanza. Mama hubeba mayai mdomoni, yakianguliwa hubeba na watoto, na wakati wote huo hali chochote, kwa hiyo hakui. Watoto nao wanajaa, chakula kinagawanyika, na mwisho wa msimu unavuta wavu unatoa samaki wa ukubwa wa kidole. Ndiyo maana mabwawa mengi ya vijijini yalianza kwa shangwe kisha yakaachwa majani yaote. Dawa yake ni kufuga madume peke yake. Vituo vingi vya kutotolesha vinawalisha vifaranga homoni ya kiume wiki tatu au nne za mwanzo. Sisi tulichagua kwa mkono, kwa sababu samaki wetu walitoka mtoni, hawakutoka kituoni.

Vijana walivua perege wadogo kwa wavu wa matundu madogo, juu kidogo ya mahali mfereji wetu unapoingilia. Kila mmoja alikaguliwa mkia. Mwenye mistari iliyopangika hakuingia kwenye ndoo. Tukawalea kwenye kizimba cha neti katika bwawa la jirani mpaka wakafika gramu 25 au 30, maana chini ya hapo huoni kitu.

Kazi ya kuchagua ilinikalisha kwenye kigoda asubuhi nzima, na niliipenda. Unalowesha mikono kwanza ili usimvue ute wake. Unamshika chali kiganjani, kichwa kikielekea kwako, kidole gumba kimeshikilia tumbo taratibu. Nyuma ya tundu la haja kuna kijinundu kidogo. Unapitisha juu yake pamba iliyochovywa GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda, kisha unafuta. Rangi inabaki kwenye matundu. Dume ana mawili: la haja kubwa, na moja kwenye ncha ya kijinundu linalopitisha mkojo na mbegu pamoja. Jike ana matatu, kwa sababu njia ya mayai iko peke yake, kama mkato mwembamba uliolala katikati. Mwanzoni macho hayaoni kitu. Kisha ghafla yanaona, na baada ya hapo unashangaa ilikuwaje hukuona. Mama mmoja jirani yangu, fundi cherehani, alitushinda wote kwa wepesi. Macho yaliyozoea kutunga uzi yana faida yake. Majike tuliwarudisha mtoni palepale walipotoka.

Maji tulikuwa tumeyatengeneza mapema. Chokaa ya kilimo ilitangulia, kisha mbolea ya kuku iliyofungwa kwenye viroba na kuachwa iloweke pembeni. Maji yakageuka kijani, na ule ukijani, yaani vimea vidogo mno vinavyoelea majini, ndio chakula cha kwanza cha perege. Kipimo chetu ni mkono: unauzamisha polepole, na kiganja kikipotea machoni maji yanapokaribia kiwiko, mambo ni sawa. Kikipotea mapema zaidi, mbolea imezidi, na alfajiri utakuta samaki juu ya maji wanatweta, kwa sababu usiku mimea ile nayo inatumia hewa.

Siku ya kuwaingiza tulianza mapema, jua halijawa kali. Hawakuwa wamelishwa tangu jana yake, ili wasichafue maji njiani. Nilisimamia jambo moja kwa ukali: hakuna kumwaga ndoo. Ndoo iliwekwa ndani ya bwawa, tukawa tunaongeza maji ya bwawani kwa kopo, kidogo kidogo, mpaka joto likalingana. Kisha tukailaza ndoo, samaki akatoka mwenyewe. Waliingia 400 na ushee. Kwa eneo letu, kwa hesabu ya wawili kila mita ya mraba, wangeweza kufika 600, lakini hatuna mashine ya kuongeza hewa, na chakula chetu ni pumba ya mpunga na mashudu ya alizeti. Nikaona heri wachache wanaoshiba.

Wazazi kadhaa waliogopa mbu, na malaria si jambo la kupuuza. Huko Kisii, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba samaki wa jamii hii wakiwekwa kwenye mabwawa yaliyotelekezwa, viluwiluwi vya mbu wa malaria hupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo shimo lenye samaki ni salama kuliko lilivyokuwa tupu. Ila majani ya ukingoni lazima yakatwe, maana viluwiluwi hujificha humo mahali samaki hafiki. Zamu za kukata majani zimebandikwa genge kwangu.

Kambale wameingia baadaye, 30 tu, wadogo kuliko perege ili wasiwameze. Kazi yao ni kula vifaranga wa jike lolote lililotuponyoka siku ile ya GV. Wenye kutusumbua ni kenge na mdiria. Kenge tunamfukuza. Mdiria mimi nimemwachia sehemu yake, ingawa katibu wetu hakubaliani nami hata kidogo.

Kwenye njia ya kumwagikia tumefunga bomba lenye neti, na ukingo wa upande wa migomba umeinuliwa. Masika makubwa yatakuja siku moja na yatapita juu ya vyote hivyo, hilo nalijua. Watakaotoka watakuwa perege na kambale wa Ngerengere wanaorudi Ngerengere.

Mavuno tumepanga kiangazi, maji yakiwa chini. Mwenye shimo mtaani kwake anayetaka perege wa kuanzia aje aonane na mwenyekiti wetu, aje na ndoo yenye kifuniko, na kwanza atueleze maji yake yanamwagikia mto gani.