Masta ya mimea niliyoisomea Pune

Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba umeishi India, swali la kwanza ni ulimpeleka mgonjwa gani. Ukisema hapana, ulikwenda kusoma, atadhani ni udaktari, famasia au kompyuta. Ukitaja botania, mazungumzo yanapoa. Mjomba wangu ndiye pekee aliyenichana waziwazi: "Majani? Unapanda ndege kwenda kusomea majani, na msitu wa Amani uko hapo juu tu?" Wakati huo nilikuwa nafundisha bayolojia sekondari Muheza, na Amani kweli iko hapo juu, pamoja na bustani ya mimea ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902. Nilimwambia tu, "Mjomba, niombee dua."

Ufadhili nilioupata ni wa ICCR, baraza la serikali ya India la uhusiano wa kitamaduni, lililopo tangu 1950. Maombi yanafanyika mtandaoni kwenye mfumo wao wa A2A, na mwombaji wa masta anatakiwa awe na umri kati ya miaka 18 na 30. Mimi nilikuwa naelekea mwisho wa umri huo, kwa hiyo habari ya "nitaomba mwakani" haikuwepo. Unachagua vyuo visivyozidi vitano, unaandika insha ya maneno 500 kwa Kiingereza, unapandisha vyeti, fomu ya afya iliyojazwa na daktari, na muhtasari wa kozi ulizosoma shahada ya kwanza.

Huo muhtasari ndio ulionitoa jasho. Shahada yangu ilikuwa ya ualimu wa sayansi, bayolojia na kemia, na idara za botania za India hupenda kuona umesoma botania yenyewe, si bayolojia kwa jumla. Ilibidi nirudi chuo nilikosoma, niombe maelezo ya kila kozi iliyohusu mimea, kuanzia fiziolojia hadi jenetiki, kila ukurasa ugongwe mhuri. Niliambiwa njoo kesho mpaka mlinzi wa getini akawa ananisalimia kwa jina. Lakini kurasa zile ndizo zilizonifungulia mlango, maana idara iliyonipokea iliuliza maswali juu yake moja moja, na kila swali lilikuwa na jibu lililokwisha kuandikwa.

Kuchagua chuo ndiko ninakojisifu. Wenzangu walikuwa wanaangalia nani yuko juu kwenye orodha za ubora. Mimi nilifungua ramani nikauliza: pale kunaota nini? Ndiyo nikaangukia Pune. Mji huu uko upande wa mashariki wa safu ya milima ya Ghats Magharibi, ambayo inafuata pwani kwa takriban kilomita 1,600 na ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2012. Mvua ya masika ya huko inatoka baharini, inamwagika karibu yote upande wa magharibi wa milima, Pune inapata mabaki. Maana yake ni kwamba ukipanda basi asubuhi kutoka mjini penye vichaka vya miiba, kabla ya saa sita mchana uko Tamhini, ndani ya msitu unaovuja maji. Kwa mwanafunzi wa mimea, safari hiyo moja ni somo zima la ikolojia. Isitoshe, Shirika la India la Utafiti wa Mimea, lililoanzishwa 1890, lina kituo chake cha magharibi palepale Pune, chenye hebaria kubwa, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Ukikwama na jani usilolijua, unakwenda kulilinganisha na vielelezo vilivyokaushwa kabla babu yako hajazaliwa. Bado naamini hiki ndicho kipimo cha kuchagulia chuo cha botania: hebaria iko umbali gani, na pori liko umbali gani.

Mambo ya kufika nitayapitia haraka, ingawa yanachosha. Ukiwa na visa ya mwanafunzi ya zaidi ya siku 180 unatakiwa kujiandikisha ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14 tangu uingie nchini. Siku hizi ni mtandaoni. Lakini wanataka fomu ya makazi kutoka kwa mwenye nyumba au hosteli na barua ya chuo kuthibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi, na benki nayo inataka kibali kile cha FRRO kabla ya kukufungulia akaunti, na posho inapita kwenye akaunti hiyo. Kila karatasi inangoja nduguye. Posho ya masta wakati wangu ilikuwa rupia 20,000 kwa mwezi, mbali na ya pango, na inatosha usipokuwa na makuu, ila nenda na fedha zako za kula miezi miwili ya mwanzo. Beba pia picha nyingi za mraba, inchi mbili kwa mbili, nyuma peupe. Steshenari za kwetu ukisema "pasipoti saizi" wanakukatia ndefu, na huko hazipokelewi.

Chakula hakinisumbui kueleza. Mtu wa Tanga hawezi kulia njaa mbele ya chapati, dengu na pilau. Nilichokosa ni ugali, na wanafunzi wa Afrika niliowakuta walinifundisha kuusonga kwa semolina, ile wanayoiita rava. Si wenyewe, lakini unashika mboga.

Sasa maabara. Mimi nilikuwa mwalimu, nimechora mkato wa shina ubaoni miaka yote, rangi mbilimbili za chaki, na mchoro wote nimeutoa kitabuni. Pune wiki ya kwanza tu nilipewa wembe, karoti na jani. Karoti unaipasua kidogo katikati, jani unalibana humo. Unalowesha wembe, unalowesha karoti, unavuta wembe kuelekea kwako kwa mkato mmoja bila kurudisha nyuma. Unakata vipande vingi upesi upesi, unaviacha vielee kwenye kisahani cha kioo chenye maji, kisha kwa brashi ndogo ya kuchorea unatafuta kile chembamba kiasi kwamba huna hakika kama kipo. Kinachoonekana vizuri kwa macho ni kinene, kitupe. Safranini, rangi nyekundu ya maabara, dakika chache, suuza, tone la gliserini, halafu kioo cha kufunikia unakilaza kwa pembe, unakishusha polepole kwa ncha ya sindano ili hewa itoke. Ukikidondosha tu, utaona mapovu meusi mviringo na utayachora ukidhani ni seli. Nimewaona waliofanya hivyo.

Aliyenifundisha kukata si profesa. Alikuwa mhudumu wa maabara, mzee aliyekaribia kustaafu, Kiingereza chake kidogo na Kimarathi changu sifuri. Alisimama nyuma yangu akanishika kifundo cha mkono, "halu, halu," taratibu, taratibu, akanionyesha kwamba mkono unaoshika karoti ndio unaotulia na bega ndilo linalofanya kazi. Siku mkato wangu wa kwanza ulipotoka sawasawa, mirija ya zailemu, ile inayopandisha maji, imeshika wekundu na tishu laini zimebaki hafifu, niliketi mbele ya hadubini nikasahau kwenda kula. Kitu nilichokuwa nakifundisha kwa kukiamini tu, nilikuwa nakiona.

Mtihani wa vitendo wa huko ni shughuli. Vielelezo vinapangwa mezani, kila kimoja na namba yake, wanafunzi wanasimama mmoja kwa kila kielelezo. Kengele inalia, unasogea. Una dakika chache za kuandika jina, familia, na sababu za kukitambua, kengele inalia tena. Hakuna kurudi nyuma. Baada ya hapo unakaa mbele ya mtahini wa nje, na daftari lako la vitendo, lililosainiwa zoezi kwa zoezi, liko mkononi mwake. Daftari hilo lisipokuwa na saini zote, huingii kabisa. Familia unazitaja kwa mpango wa kuainisha mimea wa Bentham na Hooker, uliotoka kati ya 1862 na 1883, ingawa darasani unafundishwa mpango mpya unaotegemea vinasaba. Mwanzoni niliona ni ukaidi wa kizee. Kisha nikaingia hebaria nikakuta makabati yamepangwa kwa mpango uleule wa zamani, nikanyamaza.

Kilichoniokoa kwenye vielelezo ni Muheza. Nusu ya mimea iliyokuwa ikiwekwa mezani nilikuwa naifahamu tangu mtoto, ila sikuwahi kuihesabu stameni zake. Mwarobaini, mkwaju, mzambarau, mfenesi, mnyonyo, na mchungwa ambao ndio uliolipia ada yangu ya sekondari. Bahari ya Hindi imepitisha mimea huku na huko karne nyingi. Hata mbuyu wetu umepandwa zamani huko, ule wa mji wa kale wa Mandu ni mashuhuri. Nilikuwa na daftari lenye safu tatu: jina la kisayansi, jina la Kimarathi nililoambiwa sokoni, na jina la kwetu. Safu ya tatu ndiyo iliyonikumbusha ile ya kwanza. Wanafunzi wa Pune walikuwa wakikariri usiku kucha, mimi namkumbuka bibi na mzambarau wake.

Safari ya porini ninayoikumbuka zaidi ni ya Kaas, uwanda wa mwamba juu ya mji wa Satara, kama mita 1,200 toka usawa wa bahari. Miezi mingi ni jiwe jekundu tupu lenye udongo wa kuhesabika. Mwishoni mwa Agosti na Septemba, mvua ikishalowesha, uwanda mzima unachanua. Tulilala kifudifudi kwenye matope na lenzi jichoni kutazama utrikularia, kimmea cha maua ya zambarau kinachonasa vidudu kwa vifuko vidogo vilivyozama majini. Kuchuma ni marufuku, kuna walinzi, na ni haki yao, maana mimea mingine haioti popote pengine duniani. Tulichora. Kichaka cha karvi hatukukikuta na maua, kwa kuwa huchanua kila baada ya miaka 7 au 8, na haukuwa mwaka wake.

Mahali palipoturuhusu kuchuma, kazi ilihamia hosteli. Kukausha mimea msimu wa mvua ni vita. Unaibana katikati ya magazeti, asubuhi magazeti yamelowa, unabadilisha, jioni unabadilisha, na ukilala tu ukungu umeshaingia. Nilikuwa napiga magazeti pasi. Mwenzangu wa chumbani, Msudani aliyesomea uhasibu, alivumilia harufu ya majani mabichi yanayochomeka kwa subira ambayo sijamlipa bado.

Tasnifu nilitaka iwe ya kitu nitakachokutana nacho tena nyumbani. Nikachagua gugu karoti, Parthenium hysterophorus. Asili yake ni Amerika, na Pune ndiko lilikotambuliwa kuenea India, mwaka 1955. Inaaminika liliingia na shehena za ngano. Leo limejaa kila kiwanja kitupu. Kwetu liliripotiwa Arusha mwaka 2010. Linawasha ngozi, linabana kifua, ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu, na mmea mmoja unatoa mbegu maelfu. Nililichuma nikiwa na glavu na barakoa, nikaloweka majani makavu kwenye maji, nikayachuja, nikapata maji ya nguvu tofauti. Choroko nikazipanga juu ya karatasi ya kuchujia kwenye visahani, kila kisahani na maji yake. Za maji matupu zilitoa mizizi mirefu myeupe. Kadiri maji ya gugu yalivyokolea, mizizi ilifupika, ikawa ya kahawia nchani, na kwenye kali kabisa choroko nyingi zilivimba tu zikaishia hapo. Matokeo hayo si mapya kwa wataalamu, na mtahini alinieleza hivyo bila kupepesa. Lakini picha za vile visahani nimewaonyesha wafugaji, na hawakuhitaji maelezo.

Kwa anayefikiria njia hii, la mwisho ni karatasi za kurudi. Kila muhula unatoa karatasi yake ya matokeo: zitunze zote nne, si ya mwisho tu. Transkripti iombe kabla hujaondoka. Cheti chenyewe hutolewa kwenye mahafali, ambayo yanaweza kuja miezi kadhaa baada ya wewe kupanda ndege, kwa hiyo acha barua ya idhini kwa mtu unayemwamini akupokelee. Mimi nilimwachia mwanafunzi wa PhD wa maabara yetu. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, watataka vyeti na transkripti ili kutambua shahada yako, na bila utambuzi huo mwajiri wa serikali hakusogezi daraja. Na kama unaomba mwaka huu, dirisha la ICCR hufunguka miezi ya mwanzo ya mwaka, na muhtasari wa kozi unaweza kuchelewa kuliko pasipoti. Anza na huo.